Tusinunue Maneno Mlangoni: Hotuba juu ya Afya na juu ya Kuchagua Wakili

(Maneno haya yalisemwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya ndugu waliokuwa zamuni, na wale wa magenge ya njia ambao hawakuweza kufika.)



Kamati imetuagiza, sisi watu wa karakana, tuseme mbele yenu juu ya mambo mawili: maneno yasiyo ya kweli ambayo watu huambiana juu ya maradhi, na njia ya kumchagua wakili mtu anaposhikwa na polisi. Twajua wengine wenu mwajiuliza, maradhi na korti vyapatana wapi? Twaomba mtusikilize kwanza, kisha mtaamua wenyewe.

Sisi si madaktari wala si mawakili. Wengi wetu tulisoma shule ya misheni mpaka darasa la mwisho la msingi, kisha tukashika spana. Lakini katika miaka miwili iliyopita tumemwuguza mwenzetu mmoja vibaya, na mwenzetu mwingine tumemtafutia wakili vibaya. Tumekosa mara mbili, tena kwa namna moja. Ndiyo sababu tumekubali kusimama hapa.

MAZIWA NA KIKOHOZI

Mwenzetu wa kwanza ni fundi wa kuchomelea vyuma. Jina lake hatulitaji, lakini yumo humu ndani na ametupa ruhusa kusema. Alianza kukohoa wakati wa mvua za vuli. Sisi tuliokaa naye benchi moja tulimwambia, "Bwana, huo ni moshi wa kazi. Kunywa maziwa, yatasafisha kifua." Akanunua nusu lita kila jioni. Kikohozi hakikwisha. Tukamwambia aongeze maziwa, tena atie tangawizi. Mwezi wa pili akaanza kutokwa na jasho usiku hata shuka zikalowa. Tukasema ni malaria, akanunua vidonge dukani. Mwezi wa tatu alikuwa ametoboa matundu mapya mawili katika mshipi wake. Akanunua na chupa ya yule mtu asimamaye mlangoni petu siku ya mshahara, ambaye dawa yake moja yaponya maradhi arobaini. Mwishowe mkewe alichoka na ushauri wetu, akamshika mkono akampeleka dispensari ya serikali.

Makohozi yalipopimwa, ikaonekana ni kifua kikuu. Watu wa nyumbani wakapimwa pia, na mtoto wao mdogo akakutwa nacho. Baba alikunywa dawa miezi sita, na mtoto akanywa zake mpaka daktari akasema basi. Dawa hizo hawakuzilipia hata senti moja. Wote wawili wakapona, twamshukuru Mungu. Lakini hesabuni ndugu: miezi mitatu mtu huyu alikohoa ndani ya chumba kimoja na mtoto wake, na ndani ya chumba chetu cha kubadilishia nguo, ambacho dirisha lake hatulifungui. Nani aliyemchelewesha? Si mchawi. Ni sisi, kwa maneno tuliyoyasikia kwa waliotutangulia, wala hatukuuliza hata siku moja wao waliyapata wapi.

Sasa sikilizeni ilivyo. Kooni mna njia mbili. Moja ni ya chakula, yaenda tumboni. Nyingine ni ya pumzi, yaenda mapafuni. Maziwa hupita njia ya chakula. Hayafiki kifuani hata tone, na kama yangefika, mtu angepaliwa. Maziwa ni chakula kizuri, tuyanywe, lakini hayasafishi mapafu. Vumbi la kokoto lililo jembamba sana, na moshi wa kuchomelea, huingia mpaka ndani kabisa ya mapafu. Vumbi la mawe likiisha kukaa huko na kufanya kovu, hakuna kinywaji kiwezacho kulitoa. Dawa yake ni kulizuia lisiingie: kumwagia maji mahali pa vumbi, kuvuta moshi kwa feni, na kuvaa barakoa ya kazi iliyo sawa, si kitambaa cha mfukoni.

Na hapa kuna jambo la chama. Zipo kazi nyingi ambako mfanyakazi wa vumbi hupewa paketi ya maziwa, naye hushukuru na kwenda zake. Ndugu, paketi ya maziwa ni rahisi kuliko barakoa, na ni rahisi sana kuliko feni. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri awape vifaa vya kujikinga wale wafanyao kazi yenye madhara, wala asiwakate mshahara kwa ajili ya vifaa hivyo. Sisi tukiendelea kusema maziwa yasafisha kifua, twamsaidia mwajiri asiyetaka kununua vifaa. Uongo huu wa afya watupunguzia haki yetu.

Juu ya kifua kikuu chenyewe, maneno ya uongo ni mengi. Husemwa ni ugonjwa wa ukoo. Sivyo. Huletwa na kijidudu, hupita kwa hewa mtu akikohoa, na huonekana kufuata ukoo kwa sababu ukoo hulala nyumba moja. Husemwa kwamba mtu akishiriki kikombe ataambukizwa. Sivyo, ni hewa ya chumba kilichofungwa. Basi fungueni madirisha. Husemwa kwamba mtu akiisha kupata nafuu aweza kuacha dawa. Huo ndio uongo mbaya kuliko wote, kwa sababu vijidudu vilivyobaki huzoea dawa, na safari ya pili matibabu huwa magumu zaidi. Mtu aliyekohoa wiki mbili asingoje ya tatu. Aende akapimwe.

MANENO MENGINE YA KUACHA

Tutayataja machache tu, yale tuyasikiayo sana kazini.

La kwanza: "Kila homa ni malaria, na malaria huletwa na kunyeshewa." Malaria huletwa na mbu jike wa aina ya anofelesi. Daktari Ronald Ross alikiona kijidudu chake ndani ya mbu huko Uhindi mwaka 1897, wakati reli yetu ilikuwa inatandazwa kutoka Mombasa. Mvua huleta madimbwi, madimbwi huleta mbu. Mvua yenyewe haina malaria. Na homa yaweza kuwa ya mambo mengi. Tone la damu kidoleni hutosha kupima. Anayekunywa dawa ya malaria bila kupimwa aweza kuwa anaficha ugonjwa mwingine, kama tulivyomfanya fundi wetu.

La pili: "Sindano ina nguvu kuliko vidonge." Kwa maradhi mengi kidonge hufanya kazi ile ile. Mwenye duka la dawa akuchomaye sindano kwa sababu umeiomba, ajua tu kwamba sindano hulipiwa zaidi. Vilevile dawa za kuua bakteria haziponyi mafua ya kawaida, kwa sababu mafua hayaletwi na bakteria.

La tatu: "Mtu akiungua, mpake mafuta, au unga, au dawa ya meno." Ndugu wa karakana, hili twaliona kila mwezi. Vitu hivyo huzuia joto lisitoke na huchafua kidonda. Mwagia maji safi ya baridi ya mfereji kwa dakika 20. Vua saa na pete mapema kabla mkono haujavimba, funika kwa kitambaa safi, enda kwa daktari. Barafu usiweke.

La nne: "Mwenye kifafa akianguka usimguse, utaambukizwa, au mtie kijiko kinywani." Kifafa hakiambukizi kabisa. Mwondoe karibu na reli na mashine, weka kitu laini chini ya kichwa chake, mlaze ubavu, usimtie kitu kinywani, tazama saa. Zikipita dakika tano hajatulia, ita gari la hospitali.

Ndugu, mtaona kwamba maneno haya yote yana asili moja. Mgonjwa ana hofu, tena ana haraka. Mtu wa kwanza asemaye kwa sauti ya hakika ndiye hufuatwa. Baada ya mambo yaliyomfika fundi wetu, tulijifunza maswali matatu. Nani asemaye? Cheti chake kiko wapi? Na yeye apata nini nikimsikiliza? Daktari ana cheti cha mwaka. Duka la dawa lapaswa kuwa na cheti ukutani. Yule wa mlangoni na chupa yake hana.

Tulijifunza maswali hayo juu ya dawa. Lakini hatukujua kwamba yafaa na kortini. Twende sasa kwa mwenzetu wa pili.

MTU WA KOTI NA TAI

Mwenzetu wa pili alishikwa siku ya Ijumaa jioni. Nyaya za shaba zilikutwa katika mfuko ndani ya chumba cha vyombo vya kazi. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya zamu, basi akachukuliwa yeye. Sisi twajua kwamba chumba kile kilikuwa na funguo sita.

Jumamosi tulikwenda kituoni. Mtu mmoja alituambia kwamba aliyeshikwa Ijumaa lazima angoje Jumatatu, tukaamini tukarudi. Jumatatu asubuhi tulikuwa kortini na mchango wetu mfukoni. Mlangoni tulipokewa na mtu wa koti na tai, mwenye faili mkononi, akisalimiana na kila karani. Alisema yeye ni wakili, kesi hizi azijua, hakimu amjua. Akataka Sh 15,000. Hatukumwuliza jina lake kamili. Tulimpa. Hakuandika risiti. Alizungumza na mwenzetu kwa dakika chache tu, akamwambia, "Kubali kosa, utatozwa faini kidogo, jioni uko nyumbani. Ukikataa, utakaa rumande miezi."

Mwenzetu alikubali kosa. Akatozwa faini, tukailipa. Jioni alikuwa nyumbani kweli. Tulinywa chai kwake na kumsifu yule bwana wa koti.

Wiki ya pili ikaja barua ya kazi. Mwakilishi wetu alikwenda naye kwenye kusikilizwa, kama sheria inavyoruhusu. Lakini karatasi ya korti ilikuwa mezani, nayo ilisema amekiri mwenyewe. Angejibu nini? Miaka 11 ya kazi ikaisha kwa dakika 20. Tulipompata wakili wa kweli, alitazama faili akatuambia mambo mawili. La kwanza, jina la yule bwana halimo katika orodha ya mawakili. La pili, mtu aliyekubali kosa mbele ya hakimu, kwa kawaida hana rufani juu ya hatia. Aweza kulalamika juu ya adhabu tu. Mlango wa rufani tulikuwa tumeufunga sisi kwa mchango wetu wenyewe.

SHERIA INASEMAJE

Kama vile maradhi yana maneno ya uongo, kushikwa pia kuna ya kwake. Twayajibu hapa.

"Ukinyamaza, umekubali." Sivyo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 49, yampa aliyeshikwa haki ya kuambiwa upesi, kwa lugha aijuayo, sababu ya kushikwa. Yampa haki ya kunyamaza, haki ya kuwasiliana na wakili, na haki ya kutolazimishwa kukiri. Wazee walisema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Toa jina lako kwa adabu, usishindane na askari, usikimbie, lakini juu ya jambo lenyewe sema, "Nitasema wakili wangu akiwapo." Wala usitie sahihi karatasi usiyoisoma.

"Aliyeshikwa Ijumaa ni wa Jumatatu." Katiba yasema mtu apelekwe kortini mapema iwezekanavyo, isipite saa 24, saa hizo zikiishia siku ambayo si ya korti, basi apelekwe siku ya korti inayofuata. Lakini hilo halimzuii mkubwa wa kituo kumpa dhamana ya polisi Jumamosi au Jumapili, kwa makosa yasiyo makubwa sana. Sisi tuliambiwa haiwezekani, wala hatukuomba. Na dhamana ya polisi ya kutia sahihi hailipiwi. Ikiwa mmetakiwa kuweka pesa taslimu, dai risiti ya serikali, kwa sababu pesa hizo hurudishwa kesi ikiisha, mradi mtu alihudhuria.

"Kubali yaishe." Hayaishi. Hati ya hatia hubaki, na alama za vidole hubaki. Mtu akitafuta cheti cha tabia njema kwa ajili ya kazi nyingine, jambo lile humngoja. Yule ambaye kweli alitenda kosa, na aache wakili amshauri. Lakini yule asiyelitenda asikubali kwa ajili ya chai ya jioni. Tena jueni hili: aliyekubali kwa hofu aweza kubadili jibu lake kabla hakimu hajatoa adhabu. Sisi hatukulijua, nasi tulikuwa tumekaa pale pale kwenye benchi.

"Rumande ni miezi." Katiba yasema mtu apewe dhamana kwa masharti ya haki, isipokuwa pana sababu nzito za kumnyima. Na kwetu sisi wafanyakazi dhamana ina uzito wake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 44, yampa mwajiri nafasi ya kumfukuza mara moja mtu aliyeshikwa kwa kosa la kifungo, ikiwa siku 14 zimepita hajatoka kwa dhamana wala hajaachiliwa kihalali. Siku 14, ndugu! Basi kazi ya kwanza ya wakili ni kumtoa mtu huyo kwa dhamana. Na kifungu cha 41 chataka mfanyakazi aelezwe kosa na asikilizwe kabla ya kufukuzwa, akiwa na mwenzake wa kazi au mwakilishi wa chama aliyemchagua.

JINSI YA KUMCHAGUA WAKILI

Sasa tutumie yale maswali matatu.

Kwanza, nani huyu na cheti chake kiko wapi? Kila wakili lazima awe na cheti cha kufanya kazi, nacho hutolewa upya kila mwaka. Chama cha Mawakili wa Kenya huweka orodha ambayo kila mtu aweza kuitazama hata kwa simu. Mwulizeni jina lake kamili, mtazame orodha kabla ya kutoa shilingi. Wakili wa kweli hatakasirika. Anayekasirika mwacheni aende zake.

Pili, kazi yake ni ya namna gani? Daktari wa meno hatumpelekei mguu uliovunjika. Wako mawakili wa mashamba, wa mirathi, wa kampuni. Ulizeni: je, wasimamia kesi za jinai? Wazijua korti za hapa? Ni wewe utakayesimama, au utamtuma mwingine?

Tatu, yeye apata nini, na kwa kazi ipi? Malipo yaandikwe. Je, ni ya siku ya kwanza na dhamana tu, au mpaka hukumu? Risiti iwe na jina la ofisi. Tena asiwe amefungwa na mtu mwingine. Ikiwa mwajiri ndiye mlalamishi, wakili wa mwajiri hawezi kuwa wako, hata akiletwa kwa maneno mazuri. Wakishikwa watatu pamoja, wakili mmoja huenda asitoshe, kwa sababu siku yaweza kuja utetezi wa mmoja ukawa mashtaka ya mwingine.

Nne, asikilize mwenyewe aliyeshikwa. Sisi tunaochanga twalipa, lakini mteja ni yule aliye ndani. Wakili hupokea maagizo kwake, na siri zake hazitoi, hata kwetu. Wakili azungumzaye na wachangaji saa nzima na mshtakiwa dakika tatu, ametambua pesa, hajatambua kesi.

Tano, asiahidi ushindi. Hili twalitia mkazo. Mkumbuke kesi ya Kapenguria. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Oktoba 1952 walishikwa viongozi wengi, na kati ya sita walioshtakiwa walikuwamo watu wa vyama vya wafanyakazi, Fred Kubai na Bildad Kaggia. Wakili wao mkuu alikuwa D. N. Pritt kutoka Uingereza, na pamoja naye walisimama mawakili kutoka Uhindi, Nigeria na Jamaika, na wa hapa Kenya kama A. R. Kapila na Fitz de Souza. Hatudhani mfanyakazi yeyote hapa atapata mawakili kama hao. Hata hivyo, tarehe 8 Aprili 1953 wote sita walitiwa hatiani, wakapewa miaka saba ya kazi ngumu. Wakili mkubwa hakuweza kuahidi ushindi, kwa sababu hukumu haikuwa mkononi mwake. Aliweza kuuliza maswali, na kuyaandikisha. Na kwa sababu hawakukubali kosa, mlango wa rufani ulibaki wazi. Mmoja wao, Achieng' Oneko, alishinda rufani yake, ijapokuwa serikali ya wakati ule iliendelea kumzuia. Basi mtu akikuambia, "Hakimu namjua, kesi nimeimaliza," jua umekutana na dalali, na huenda atakuingiza katika kosa la hongo juu ya lile la kwanza.

Na asiye na pesa je? Kifungu cha 50 cha Katiba chataka serikali imwekee wakili yule ambaye haki itamponyoka sana bila wakili, naye aambiwe haki hiyo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 iliunda ofisi ya taifa ya kazi hiyo. Pia kuna mashirika kama Kituo cha Sheria, ambayo yamewasaidia maskini tangu miaka ya 1970. Ombeni kwa hakimu siku ya kwanza kabisa, tena kwa sauti. Na wakili akikosea mteja, iko Tume ya Malalamiko juu ya Mawakili. Lakini mjue, tume hiyo hushughulika na mawakili. Yule wetu wa koti hakuwa wakili, basi mashtaka yake ni ya polisi, naye hatujamwona tena pale mlangoni.

USIKU WA KWANZA

Mwenzetu akishikwa, mwakilishi wa zamu afanye haya. Aulize yuko kituo gani, kwa kosa gani, na nambari ya kitabu cha matukio ni ipi. Aandike saa ya kushikwa, kwani saa 24 huhesabiwa toka hapo. Aombe dhamana, hata kama ni Jumapili.

Kisha aulize jambo ambalo wengi husahau: huyu mtu anakunywa dawa gani? Hapa, ndugu, ndipo maradhi na korti vinapokutana. Mtu wa kisukari, wa presha, wa kifafa, wa kifua kikuu au wa virusi vya ukimwi, akikaa siku tatu bila dawa aweza kuumia kuliko kwa kesi yenyewe. Mpelekeeni dawa na karatasi ya daktari, mkubwa wa kituo aambiwe, na wakili amwambie hakimu. Na akiwa amepigwa au ameumia, apelekwe hospitali mara moja, ijazwe fomu ya P3 wakati kidonda kingali kibichi. Kidonda kikipona bila karatasi, kortini huwa hakikuwapo.

Na kila mmoja wenu ajifunze nambari moja ya simu kwa moyo. Simu huchukuliwa mlangoni pa selo, na nambari zote ulizonazo huenda nazo.

MAOMBI YETU

Mwenyekiti, twaomba mambo matatu yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano. Kwanza, kamati itafute mawakili watatu wa jinai, ihakikishe vyeti vyao kila Januari, na majina yabandikwe katika ubao wa tawi pamoja na nambari ya mwakilishi wa zamu. Pili, uwekwe mfuko mdogo wa dharura, ili tusichange kwa pupa mlangoni pa korti. Tatu, tuandike barua kwa mwajiri juu ya barakoa na feni ya chumba cha kuchomelea, tena barua hiyo iseme wazi kwamba maziwa hatuyakatai, lakini hatuyapokei mahali pa vifaa.

Tunamaliza. Wenzetu walikuwa wawili, na wote wawili waliumizwa na rafiki zao, si na adui. Wa kwanza alikuwa na mke aliyeuliza swali, naye ameketi hapa leo, mstari wa tatu. Wa pili hakuwa na mtu wa kuuliza, maana sisi sote tulikuwa na haraka ya kusaidia. Yeye hayupo. Amerudi kwao, na kila mwisho wa mwezi twamtumia kidogo, wala hatujapata maneno ya kumwambia.

Kuuliza si ujinga, ndugu. Ulizeni mapema, kabla ya kunywa na kabla ya kulipa.